Kuchagua Kitabu cha Maua Kabezi

Wakati wa likizo moja, mdogo wangu alikohoa usiku kucha. Asubuhi Bibi aliniita, akaniambia, "Mjukuu wangu, nenda kule kijitoni uniletee umuravumba." Zamani angekwenda mwenyewe. Siku hizi macho yake yana ukungu, na njia ya kupanda kutoka barabara ya lami iendayo Rumonge, katikati ya michikichi, ina mawe mengi.

Nilikwenda kwa majivuno kidogo, kwa kuwa mimi ndiye mwanafunzi wa chuo kikuu. Katika simu yangu nilikuwa na picha nilizopiga kutoka kitabu kimoja cha maua ya porini. Nilipofika kijitoni nililinganisha picha na vichaka. Nikaona maua ya rangi ya zambarau iliyopauka, nikakata matawi, nikarudi.

Bibi hakuyatazama. Aliyafikicha majani kwa vidole, akanusa, akayatupa uani. "Hili silo."

"Basi ni nini?"

"Ni majani tu."

Akanishika bega, tukapanda pamoja polepole. Aliupata umuravumba kwa pua kabla sijauona kwa macho. Mdogo wangu alipona. Sijui kama alipona kwa dawa ile au kwa vidonge vya kituo cha afya, lakini swali lililoninyima usingizi halikuwa hilo. Je, kama Bibi asingekuwepo? Mnanaha pia una ua zuri jeupe, nao ni sumu kali. Ningeweza kumletea mgonjwa kitu cha namna hiyo huku nikiamini picha iliyo mkononi mwangu.

Niliporudi Bujumbura niliamua kuchagua kitabu kwa makini, kama mtu anunuaye ndoo sokoni: kwanza anaijaza maji aone kama inavuja. Maji yangu yalikuwa mimea mitatu ambayo hakuna awezaye kunidanganya juu yake. Wa kwanza ni umuravumba wenyewe. Wa pili ni icanda, ambao Waswahili huuita kishona nguo kwa sababu mbegu zake hung'ang'ania suruali. Wa tatu ni umurinzi, mti wa maua mekundu ambao wazee wetu waliuhusisha na Kiranga. Kila kitabu nilichokishika nilikiuliza habari za hao watatu.

Nilianza na vitabu vya picha. Kuna kitabu cha Michael Blundell cha maua ya porini ya Afrika Mashariki, kilichotoka 1987. Kuna pia mwongozo wa Eberhard Fischer na Dorothee Killmann wa mimea ya Nyungwe, Rwanda, uliotoka 2008. Ni vitabu vizuri, na mkoba unavibeba. Lakini Nyungwe ni msitu wa milimani, kuanzia kama mita 1,600 kwenda juu, na sisi Kabezi tuko kando ya ziwa lililo katika mita 770 hivi. Nikajifunza swali la kwanza la kuuliza kitabu chochote cha mimea: wewe ni wa wapi, na wa kimo gani?

Kisha nikafika kwenye vitabu vikubwa, nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia. Flora of Tropical East Africa, kazi ya wataalamu wa Kew, Uingereza, ilianza kutolewa 1952 ikakamilika 2012, na ina spishi zaidi ya 12,000. Ila Afrika Mashariki yake ni Kenya, Uganda na Tanzania. Burundi haimo. Wakati ule tulikuwa Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, na mimea yetu iliwekwa pamoja na ya Kongo, kwa Kifaransa, katika kazi iliyoanza kutolewa 1948 na ambayo leo huitwa Flore d'Afrique centrale. Kwa hiyo ua likichanua Kigoma huelezwa kwa Kiingereza, na ndugu yake akichanua Kabezi huelezwa kwa Kifaransa. Ziwa ni lile lile moja, na mbegu haiombi visa.

Umuravumba niliukuta katika juzuu la Kew la jamii ya mrehani, lililotoka 2009, kwa jina la Tetradenia riparia. Hapakuwa na picha ya rangi. Palikuwa na maelezo: majani yamekaa mawili mawili yakikabiliana, yana vinyweleo, yana ukingo wenye meno. Nilisoma nikaona aibu. Haya ndiyo mambo ambayo vidole vya Bibi vilikuwa vikiuliza pale uani. Mimi niliuliza rangi peke yake, na rangi ndiyo dalili dhaifu kuliko zote, maana maua ya mmea huo huo huweza kuwa meupe au ya zambarau.

Mwishowe kitabu nilichokichagua hakina picha hata moja. Ni orodha ya majina ya mimea ya Burundi iliyoandaliwa na Reekmans na Niyongere, ikatolewa na Chuo Kikuu cha Burundi 1983. Inaanza na kile ambacho watu wa kwetu tayari wanakijua, yaani jina la Kirundi, kisha inakupa jina la kisayansi. Nikishapata jina hilo, nakwenda kusoma maelezo katika vitabu vikubwa na kuhakikisha, kwa sababu jina moja la kijijini linaweza kubeba mimea miwili. Nilitoa nakala, nikaishona pamoja na daftari tupu. Kila likizo nakaa na Bibi, ananitajia jina, naandika Kirundi upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mara nyingi upande wa Kiswahili unabaki wazi. Hiyo ni kazi yetu sisi tunaosoma lugha hii.

Ukurasa mmoja wa daftari hauna jina lolote. Ni wa ule mmea niliouleta kimakosa. Orodha yangu haiwezi kunisaidia, kwa kuwa Bibi hana jina lake, na vitabu vikubwa vinataka nihesabu sehemu za ua, nami yale maua yalikuwa yameshanyauka uani. Nilirudi kijitoni nikachimba mche mmoja, nikaupanda nyuma ya jiko letu. Bibi huupapasa akipita, akasema bado. Tunangoja uchanue.