Mwaka wa Tatu Nani Analipa?

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nikipiga hesabu, na hesabu zenyewe zilinitia aibu. Leo nazianika hapa.

Mwishoni mwa 2022 nilipata kazi ya kuunganisha mashine za kiwanda kidogo karibu na Wote, Makueni. Si kile cha kaunti kilichoko Kalamba, kilichozinduliwa 2017. Hiki ni cha kikundi cha wakulima: mashine ya kukamua maembe, tangi la kuchemshia, boila, na chumba cha baridi wanamoweka mapipa ya rojo. Walitaka meneja aone hali ya mashine kwenye simu yake, na apate ujumbe jambo likiharibika. Mimi naishi Kitui mjini, ng'ambo ya Mto Athi, na nilikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta na njaa ya kazi. Niliandika bei: shilingi 240,000 za vifaa na kufunga, halafu shilingi 3,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu, kila kitu ndani. Meneja, mama wa makamo ambaye sote tunamwita Mwaitu, aliisoma karatasi akaniuliza, "Kijana wangu, hii elfu tatu inakutosha kweli?" Nikamwambia inatosha na kubaki.

Na Januari 2023 ilitosha, kwa kuchungulia. Seva ilikuwa dola 15 kwa mwezi. Dola ilikuwa kama shilingi 124, kwa hiyo 1,860. Ongeza VAT ya asilimia 16, inakuwa 2,158. Laini nne za simu, moja kwa kila mashine, bando la shilingi mia kila moja: 400. Nikabaki na shilingi 442. Nauli ya kwenda Wote kupitia Machakos sikuihesabu. Nani huhesabu nauli wakati anaandika programu?

Maembe ya huku huvunwa kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Aprili kiwanda kikafungwa. Nikajiona mjanja: kwa nini ninunue bando la mashine zilizolala? Nikaacha kuweka pesa kwenye laini zote nne. Novemba niliporudi kuwasha mitambo, nikaweka bando, nikafungua ukurasa wangu, nikaona mashine zote nne zina namba. Chumba cha baridi: nyuzi 4. Safi kabisa. Nikarudi Kitui.

Ile 4 ilikuwa ya Aprili. Laini ya chumba cha baridi ilikuwa imefungwa kwa kukaa miezi bila matumizi, na programu yangu ilikuwa ikionyesha kipimo cha mwisho kilichohifadhiwa, bila tarehe. (Mliosomea kompyuta, chekeni tu. Mimi nilicheka mwaka mmoja baadaye.) Usiku mmoja wa Desemba umeme ulipotea, ukarudi ukiwa umekosa fezi moja. Taa zikawaka, askari wa usiku akaridhika. Kompresa inayohitaji fezi tatu haikuwaka. Simu ya Mwaitu haikulia. Asubuhi wakakuta mapipa sita yamechacha.

Mwaitu hakunigombeza. Alinionyesha daftari lenye majina ya wakulima walioleta maembe hayo, wengine wakiwa bado hawajalipwa, akaniambia nilisome mpaka mwisho. Mistari ile ilikuwa mirefu kuliko msimbo wowote niliowahi kusoma. Ndipo nikaona kwamba shilingi mia kwa mwezi nilizookoa hazikuwa zangu.

Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Seva ile ile ikawa 2,784 pamoja na kodi, na laini 400: jumla 3,184. Sasa nilikuwa nawalipia wao shilingi 184 kila mwezi ili niwafanyie kazi, na hapo bado nauli, bado panya waliotafuna waya wakati wa kiangazi, bado mjusi aliyekufia ndani ya kisanduku cha modemu na kuchoma bodi. Dola baadaye ilishuka hadi kama 129, lakini mimi sikushusha dola, na sikuwa na haki ya kuweka mkataba wa watu juu ya bahati.

Sasa naandika bajeti ya miaka saba, maana boila haitupwi kila baada ya miaka miwili. Nilianza kuangalia vitu gani vinaishi muda huo. Modbus, lugha ambayo mashine nyingi za viwandani huzungumza kupitia waya, ilitolewa mwaka 1979 na bado inafanya kazi. Huduma ya Google ya kuunganisha vifaa, IoT Core, ilitangazwa 2017 na kufungwa Agosti 2023. Marekani, AT&T ilizima 3G Februari 2022, na vifaa vilivyoitegemea vikawa bubu. Kwa hiyo kwangu waya na Modbus hukaa ukutani, lakini modemu naiandikia kifo chake na bei ya nyingine tangu siku ya kwanza.

Seva nimeiondoa kwenye dola kwa sehemu kubwa. Kompyuta ndogo imekaa kiwandani kwenye betri, inahifadhi vipimo vyote hapo hapo, inalia king'ora hata mtandao usipokuwepo, na inatuma nje muhtasari tu. Laini ni moja badala ya nne, na bando hulipwa miezi kumi na miwili. Kipimo kikipitisha dakika kumi bila kusasishwa, ukurasa unaandika SIJUI kwa herufi nyekundu. Vipima joto hulinganishwa kila mwaka kabla ya msimu, na safari hiyo ina mstari wake. Malipo yote ya mwaka hufanywa Februari, wakati kikundi kina pesa za maembe, si Agosti wakati wanaombana karo.

Bei mpya ni shilingi 9,500 kwa mwezi. Wiki iliyopita rafiki yangu mwenye karakana ya kushona hapa Kitui aliiona akashtuka, yeye anataka kuunganisha cherehani kumi na nne. Nilimuuliza akishajua cherehani ya saba imesimama atafanya nini tofauti na anachofanya sasa, maana karakana yote anaiona akiwa kitini. Bado anafikiria.

Mwaitu yeye hakushtuka. Aliuliza swali moja tu: "Na ukiajiriwa Nairobi?" Sikuwa na mstari wa hilo. Tukaandika nywila zote na mchoro wa waya kwenye karatasi, tukazitia kwenye bahasha, akaifungia kwenye sefu pamoja na hati ya shamba la kiwanda.

Jumamosi nakwenda Wote na kipima joto cha mkononi. Mwenye gari linalopita Machakos asubuhi na nafasi moja, aniambie.