Safari yetu ya kununua miti ya chungu



Tangu majuma mengi mama wanaofika katika mkutano wetu wanauliza juu ya ile miti mifupi iliyo katika vyungu, pembeni ya mlango. Wengine wanafikiri ni miche iliyokataa kukomaa. Wengine wanasema ni dawa. Basi leo tunawaelezea namna tuliifuata Goma, namna tuliichagua, na kwa nini mmoja kati yake hauna bei.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, majuma mawili mbele ya masomo kuanza. Kila mama anajua hicho ni kipindi gani: minerval, madaftari, viatu. Katika muso yetu kulikuwa dola 100 za kuanzisha kazi ya pamoja. Tulikuwa tumekwisha kujaribu kuuzisha unga, tukapata hasara. Ndipo mmoja wetu, aliyepata kutumika katika nyumba moja ya wageni, akasema kwamba watu wenye mahoteli wanalipa vizuri mti mdogo wenye sura ya mti mzee. Wajapani wanauita bonsai, maana yake ni kitu kilichopandwa katika chungu kipana. Ufundi huo ulianza China, halafu Wajapani wakaukuza.

Si wote walifurahi. Mama anayetunza sanduku alisema: «Muti haukuliwi. Watoto wetu watasoma na majani?» Tulibishana mikutano miwili. Mwisho tulikubaliana hivi: wanne kati yetu watakwenda, kila mmoja atajilipia boti, na kile kitakachobaki kitarudi katika sanduku pamoja na hesabu yake.

Katika wale wanne kulikuwa mama mmoja mjane ambaye ni mtu wa Goma. Alifika Bukavu kwa boti mwaka 2021, wakati volkano Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei, na siku chache nyuma yake serikali ikaamuru watu wa sehemu nyingi za Goma waondoke. Nyumba yake ilikuwa upande wa Buhene. Tangu siku ile hakuwa amerudi. Tulimchagua sababu anajua njia za mji. Hatukumuuliza kama moyo wake uko tayari.

Tulipanda boti asubuhi. Ziwa Kivu lilikuwa limetulia, na kisiwa cha Idjwi kilikuwa kando yetu kwa muda mrefu, na mashamba yake yakipanda mlima kama kitambaa kilichoshonwa vipande vipande. Tulikula ndizi na karanga tulizobeba. Mama mjane alikaa akitazama mbele tu.

Goma ni mji wa mawe meusi. Ukuta ni mawe, njia ni mawe, chini ya miguu ni mawe. Mwaka 2002 moto wa volkano ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, na watu wakajenga tena juu yake. Fasi nyingi ukitaka kupanda mchicha, unapaswa kwanza kuleta udongo. Lakini ni huko huko tulikuta pepinieri nzuri, sababu mwenye kukosa udongo anajifunza kupanda katika ndoo, katika bidoni iliyokatwa, katika chungu.

Kwanza tulipita kwa muuzishaji wa kando ya barabara. Miti yake ilikuwa ya kijani sana na bei ilikuwa ya chini, dola 2. Tulikuwa karibu kutoa makuta. Mmoja wetu akaushika mti mmoja kwenye shina na kuutikisa kidogo. Ulitoka wote mikononi mwake! Lilikuwa tawi tu, limekatwa na kuchomekwa katika udongo juzi, bila mzizi hata mmoja. Tulimrudishia, tukamuaga kwa heshima, tukaendelea.

Pepinieri ya pili ilikuwa ya mzee mmoja, si mbali na ziwa. Alituuliza: «Ba mama, munatafuta muti ya kivuli ao ya kupamba?» Tulipomwelezea, alicheka, akatupeleka nyuma kabisa, mahali anapoweka ile ambayo watu wanaikataa. Kulikuwa fikusi zilizopindika, bugenvile zenye shina nene na matawi mafupi, sipre zilizokatwakatwa. Akasema: «Hii watu wanapita tu. Wanataka yenye kunyooka. Lakini kwa kazi yenu, yenye kunyooka haina maana.»

Tulikaa kwake karibu saa tatu. Sisi wengine tunafundisha watoto kila siku, lakini siku ile tulikuwa wanafunzi. Haya ndiyo alitufundisha, na tunayaandika ili kikundi kingine kisipoteze makuta.

La kwanza, tazama chini mbele ya kutazama juu. Ondoa udongo kidogo kwa kidole pale shina linapoingia ardhini. Mizizi ikitawanyika pande zote kama vidole vya mguu wa kuku, mti huo utaonekana mzee na wenye kusimama imara. Ikizunguka kama kamba ndani ya mkopo, mti umekaa humo muda mrefu mno na utakupa kazi.

La pili, nunua shina, usinunue majani. Majani yanarudi kwa majuma machache. Shina linataka miaka. Tena mti ukishaingia katika chungu kidogo hauneneki haraka, sababu mizizi yake imefungwa. Ndiyo maana unene unatafutwa kwanza ardhini ao katika chombo kikubwa. Mzee alituonyesha fikusi mbili zenye urefu mmoja: moja dola 4, nyingine dola 12. Ile ya dola 12 ilikuwa na shina nene kama mkono wa mtoto wa miaka miwili. «Hapa,» akasema, «hamulipi muti. Munalipa miaka yangu.»

La tatu, shina lipungue kadiri linavyopanda: nene chini, jembamba juu. Na kuwe na matawi ya chini. Tawi la juu unaweza kukata, lakini tawi la chini ambalo halipo huwezi kulitengeneza kwa urahisi.

La nne, hakikisha mti uko mzima. Kwaruza ganda kidogo sana kwa ukucha: ndani kukiwa kijani, uko hai. Geuza majani utazame wadudu upande wa chini. Majani madogo kwa kuzaliwa ni bora, maana jani kubwa juu ya mti mfupi halipendezi.

La tano, ujue tabia ya kila mti. Fikusi inasamehe: ukiikata hata penye ganda tupu, inachipuka. Bugenvile vilevile. Lakini sipre haisamehi: tawi lake ukiliondolea kijani chote, halichipuki tena. Mzee alitukaza sana juu ya neno hilo. Mtaona kwamba hatukumsikiliza.

Tulinunua fikusi tatu kwa dola 12 kila moja, bugenvile moja kwa dola 18, na sipre moja kwa dola 10. Jumla dola 64.

Mbele ya kurudi bandarini, mama mjane alituomba jambo. Alitaka kufika pale nyumba yake ilipokuwa. Tulikwenda naye kwa miguu sehemu ya mwisho. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mpaka wa parseli, hapakuwa na njia. Kulikuwa jiwe jeusi tu, limekunjamana kama uji uliopoa, na majani madogo yakianza kuota katika nyufa. Alitafuta kwa macho, akahesabu kutoka ukuta mmoja uliobaki kwa jirani, akasema: «Hapa palikuwa mlango. Hapa palikuwa bugenvile.» Hatukuwa na neno la kumwambia. Tulisimama naye. Halafu akainama, akachukua jiwe moja lenye matundu, kubwa kama kichwa cha mtoto, akalifunga katika kitenge chake.

Njiani tulikuta mama wanaovunja mawe kwa nyundo ili kuuzisha kokoto. Tulinunua gunia dogo kwa dola 2. Mzee alikuwa ametuambia kwamba udongo wetu mwekundu wa Bukavu unashika maji mno kwa chungu kifupi, na kwamba jiwe la volkano lenye matundu, likivunjwa kama punje za mahindi, linaacha maji yapite na linaacha mizizi ipumue. Hata wafundi wa bonsai wa ng'ambo wanatumia jiwe la namna hiyo. Basi kile kilichofunika nyumba za watu ndicho kinachosaidia mti kuota. Kubeba mizigo mpaka Bukavu kulitugharimu dola 9. Vyungu vifupi vyenye tundu chini tuliagiza kwa mama wafinyanzi Watwa, dola 3 kila chungu, vitano. Waya hatukununua: tulichuna nyuzi za shaba ndani ya kamba ya umeme iliyoharibika, tukazipitisha katika moto ili zilainike. Dola 10 zilirudi katika sanduku, na mama mtunza sanduku alizihesabu mara mbili.

Tulingoja mvua za kwanza za Septemba ndipo tukapandikiza. Tulipunguza mizizi, tukakata matawi yasiyofaa, tukazungusha waya kwenye matawi tuliyotaka kuyainamisha. Waya hauachwi muda mrefu: ukianza kuuma ganda, unakatwa vipande na kutolewa, la sivyo kovu linabaki miaka. Utomvu mweupe wa fikusi unawasha, kwa hiyo tunanawa mikono na tunaweka watoto wadogo mbali. Kiangazi tunamwagilia asubuhi na jioni, sababu chungu kifupi kinakauka upesi.

Sipre ilikufa. Tuliipunguza mizizi na kuinyoa kijani siku moja, tena tukaiacha juani. Ni kosa letu, mzee alikuwa ameonya. Dola 10 na kazi yetu vilipotea, na tulisema hivyo mbele ya mkutano wote.

Leo miezi 14 imepita. Fikusi moja tuliiuzisha dola 40 kwa mwenye nyumba ya wageni. Bugenvile na fikusi ya pili zinaendelea, na hatuna haraka nazo, maana kila mwaka unaongeza bei yake. Hatuwezi kuwadanganya, mama: kazi hii hailipi minerval ya mwezi ujao. Anayetafuta makuta ya haraka aendelee na soko lake. Lakini kikundi chenye uvumilivu na kona moja ya ukuta kinaweza kuanza na miti miwili ao mitatu, bila shamba.

Na fikusi ya tatu? Mama mjane aliiomba aitunze mwenyewe. Aliikalisha juu ya lile jiwe la Buhene, akatandaza mizizi yake kando kando ya jiwe, akaifunga kwa kamba, akaizika katika udongo mpaka mizizi ikashika. Sasa jiwe linaonekana, na mizizi imelikumbatia. Mtu mmoja alifika na dola 60 mkononi. Tulipiga kura. Mama mtunza sanduku, yule aliyesema mti haukuliwi, ndiye alikuwa wa kwanza kuinua mkono kwamba usiuzishwe.

Mmoja wetu alisoma habari mbili ambazo alizisimulia siku ile. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu mji wa Tokyo, na wafundi wa bonsai wakahama. Mwaka 1925 walianzisha kijiji chao huko Omiya, mahali penye udongo na maji mazuri, na kijiji hicho kiko mpaka leo. Habari ya pili ni ya msonobari mmoja wa familia ya Yamaki, mjini Hiroshima. Ulianza kutunzwa katika chungu tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoanguka, mti ulikuwa nyuma ya ukuta wa parseli, ukabaki mzima. Mwaka 1976 familia ile iliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyotupa bomu, na sasa uko Washington. Hawakusema lolote juu ya bomu. Ni mwaka 2001, wajukuu walipokuja kuutazama, ndipo wenye kuutunza walipojua umepita wapi.

Mama mjane alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Bugenvile ya ku mlango sikuweza kuibeba. Hii naweza.»

Mama wanaotaka kuona miti hii, karibuni siku ya mkutano. Mkija, leteni sekateri moja kama mnayo; yetu ni moja na mikono ni mingi.