Mgeni wa Mfuko Mdogo: Starehe Ilivyohama Kutoka Mjini Hadi Kinondoni na Temeke

Katika miaka ya mwanzo baada ya Uhuru, mtu aliyetoka mikoani na kufikia Temeke, Magomeni au Kinondoni hakuvihesabu vitongoji hivyo kuwa mahali pa kutembelea. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ilipimwa viwanja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza ili Waafrika waliofanya kazi mjini, bandarini na viwandani wapate pa kulala, na kwa sababu hiyo neno «mjini» liliendelea kumaanisha Posta, Kariakoo na Feri hata kwa mkazi ambaye kisheria alikuwa tayari ndani ya jiji. Hoja ya kumbukumbu hizi ni kwamba mwelekeo huo umegeuka: starehe ambayo mtu wa kipato kidogo aliifuata katikati ya jiji imehamia pembezoni, na gharama zake, ambazo zamani zilibebwa na mwenyeji au na shirika la umma, sasa zinatoka katika mfuko wa mgeni mwenyewe, shilingi mia hapa na mia tano pale.

Msingi wa utaratibu wa zamani ulikuwa nyumba ya Kiswahili, yaani nyumba ya vyumba sita hivi vinavyotazamana katika ukumbi mwembamba, yenye ua kwa nyuma kwa ajili ya jiko, choo na kisima au bomba, na baraza kwa mbele kwa ajili ya mazungumzo. Kila chumba kiliweza kuwa na familia yake, na mgeni alitandikiwa mkeka pale palipopatikana nafasi, akala chakula cha nyumba, na malipo yake yakawa mkungu wa ndizi, debe la maharage au kuku aliyefungwa miguu. Si haki kuusifu mno utaratibu huo, kama wanavyopenda kufanya baadhi ya wazee, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na unga vilipokuwa vya foleni, mdomo mmoja wa ziada ulikuwa mzigo ambao mwenye nyumba hakuuzungumza ila ulionekana usoni. Tena mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, ambayo chini yake mtu asiyeweza kuonyesha kazi aliyokuwa akifanya jijini aliweza kukamatwa kama mzururaji na kurudishwa kijijini, hivyo kutembea tu kwa kujifurahisha, ambako ndiko starehe ya kwanza ya mtu asiye na fedha, kukawa na hatari yake.

Usafiri ulikuwa tatizo la pili. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974 baada ya kampuni binafsi iliyokuwa ikisafirisha abiria kutaifishwa, na likawa na mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yale yaliyounganishwa katikati na kuitwa kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa watu kituoni. Nauli yake ilikuwa nafuu, lakini unafuu huo ulilipwa kwa kusubiri, maana mabasi mabovu yaliongezeka kila mwaka kwa uhaba wa vipuri, na aliyekwenda kuangalia sinema ya jioni Avalon au Empire alipaswa kujiandaa kurudi Temeke kwa miguu. Mwaka huohuo wa 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa «dala» mitaani, magari hayo yakapata jina la daladala. Baadhi yake yalikuwa pikapu zilizowekewa mabenchi ya kutazamana, maarufu kama chai maharage, ambamo abiria alisafiri magoti yake yakigusana na ya mtu asiyemfahamu.

Muziki wa dansi ndio uliotangulia kugeuza mwelekeo, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi: NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kujulikana kwa mtindo wa Sikinde, ilikuja kumilikiwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mwanamuziki wa bendi ya namna hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, kwa hiyo kiingilio cha mlangoni hakikuhitaji kubeba maisha yake yote, na kibarua wa Chang'ombe aliweza kuimudu Jumamosi ya dansi bila kukopa. Kumbi zenyewe hazikuwa Posta. Zilikuwa Mlimani, Kinondoni, Ilala na Temeke, na kwa mara ya kwanza mkazi wa katikati ya jiji alilazimika kutafuta gari la kwenda pembezoni ili astarehe.

Taasisi hizo zilipojitoa au kuishiwa fedha baada ya mageuzi ya uchumi, pengo lilizibwa na mambo madogo madogo yaliyobuniwa na wakazi wenyewe. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, na muda si mrefu mtu mwenye seti moja na mabenchi kadhaa akawa na kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio kidogo, lenye joto na msongamano unaolithibitisha jina lake. Mchiriku, muziki wa kinanda kidogo cha betri na ngoma, ulishamiri Mwananyamala na mitaa inayofanana nayo, na baadaye singeli, yenye kasi zaidi, ikatokea Manzese, Tandale na Temeke katika sherehe za mtaani ambazo hazina mlango wala tiketi.

Mgeni wa leo mara nyingi hafikii kwa ndugu. Hulala gesti, nyumba ya wageni ya bei ya chini ambayo Sinza, Manzese na Magomeni zimejaa, na hapo ndipo hesabu mpya inapoanzia, kwa kuwa kinachomaliza fedha katika Dar es Salaam si chumba wala chakula bali umbali. Tangu kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, anayeshuka usiku huweza kumlipa dereva wa bodaboda, yaani pikipiki ya abiria, fedha ambazo zingemtosha kula siku nzima kwa mama lishe. Mwendokasi, mabasi yenye njia yake maalumu, yalianza mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni kwa nauli ya shilingi 650 katika njia kuu, na yaliupunguza sana muda wa safari, ingawa mvua zikijaza bonde la Msimbazi pale Jangwani faida hiyo hutoweka. Kwa hiyo mwenye busara hulala karibu na anapotaka kutembea, hata kama chumba kinamzidishia elfu mbili.

Vya kufurahia vipo hukohuko. Kijiji cha Makumbusho, Kinondoni, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa Temeke mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000, una mzunguko, sehemu ya viti vya bei ya chini, ambako mechi ya Simba na Yanga husikika vizuri kuliko kwenye viti vya heshima. Jioni, supu ya pweza, chipsi mayai, na kahawa chungu kwa kashata havihitaji mpango wowote.

Bahari peke yake ndiyo imekwenda kinyume. Kivuko cha Magogoni, ambacho nauli yake ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012 huku kukiwa na kelele nyingi, bado kinatoa mandhari ya bandari kwa bei ambayo hakuna mashua ya watalii inayoweza kushindana nayo. Lakini ng'ambo yake, kama ilivyo Kunduchi na Mbezi, kuta za hoteli zimezidi kusogea, na njia za kufika mchangani zimekuwa za kuingilia kwa kununua soda, ijapokuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Coco, katika Oysterbay iliyokuwa Uzunguni, imebaki wazi, na kila Jumapili vijana wa Mwananyamala na Tandika huifikia kwa daladala, wakala muhogo wa kukaanga kwa pilipili na kurudi makwao kabla magari hayajaadimika.