Maji ya kwenye gari msimu wa sakitu

Mwezi wa sita mpaka wa nane, wewe unayepanda na Fuso kutoka Isyonje kwenda Kitulo na Makete kufuata viazi, ujue unaingia sehemu iliyo juu ya mita 2,500. Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, asubuhi majani yamekuwa meupe. Hiyo ndiyo sakitu, na maji uliyobeba nayo yanaweza kuganda.

Wengi huhofia pipa. Pipa la lita 200 haliwezi kuganda lote kwa usiku mmoja, maji mengi hupoa taratibu. Sanasana utakuta utando wa barafu juu. Kinachoanza kuganda ni maji machache: yaliyobaki kwenye koki, kwenye mpira mwembamba, kwenye pampu. Maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na yakikosa pa kwenda hupasua kilichoyabana, hata kikiwa chuma. Wazungu wanaosafiri wakati wa baridi kwenye magari yenye vitanda na matangi ya maji hufanya hivi hivi: usiku wenye hatari wanamwaga maji ya kwenye mabomba na pampu. Nawe fungua koki, inua mpira mpaka uishe maji, ukaushe. Bomba la kupulizia dawa lioshe, kisha ulipulize tupu kabla ya kulala. Dumu usilijaze mpaka shingoni.

Sasa rejeta. Magari mengi yanayotoka joto la chini yanatembea na maji matupu, na huko chini hakuna anayeona ubaya wake. Gari lililofika na kuondoka siku hiyo hiyo lina nafuu. Linaloniogopesha ni lile linalolala siku mbili tatu likisubiri mzigo ujae, injini imepoa kabisa. Barafu ikipasua rejeta utalia. Ikipasua bloku ya injini, faida ya viazi vya msimu mzima imekwenda. Weka kulanti, uchanganye na maji kama kopo linavyoelekeza, na mengine huuzwa yameshachanganywa, soma kwanza. Chumvi usitie, inakula chuma. Na kulanti usiiache wazi: ni tamu kidogo, mbuzi, mbwa na watoto huilamba, nayo ni sumu.

Pa kuegesha napo pana maana. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutulia bondeni, kama wakulima wa huku wanavyoona viazi vya bondeni vikiungua na vya mteremkoni vikipona. Egesha mteremkoni, weka kigingi kwenye tairi, na ukipata upande wa mawio utafaidi jua mapema.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko injini. Dereva na utingo wakilala ndani ya gari hutamani kuingiza jiko la mkaa na kufunga vioo. Tafadhali ndugu yangu, usifanye. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Unasinzia, na huamki. Kufungua kioo kidogo hakutoshi. Jiko likae nje, wewe vaa soksi, jifunike mablanketi mawili, au uombe pa kulala kwa mwenyeji. Watu wa Makete hawamwachi mgeni nje kwa baridi hiyo.

Ukikuta koki imeganda asubuhi, usiimwagie maji yanayochemka, inaweza kupasuka. Iache wazi, loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, anzia kwenye koki ukirudi nyuma. Pampu usiiwashe mpaka uone maji yanapita. Kwa kawaida saa tatu au nne asubuhi jua linakuwa limeshamaliza kazi hiyo.