Joto la Mvunguni

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo tumezoea kuwaambia vijana wanaotaka mema bila kutoka jasho. Mimi nimekuja kuielewa kwa maana nyingine, maana ya kulala tu, na aliyenifundisha ni kitanda cha nguo kinachoning'inia kati ya miti miwili.

Kitanda hicho kwa Kiswahili chaitwa machela. Ndugu msomaji, najua kwamba kwa wengi wetu neno hilo linanuka dawa. Kule milimani Usambara nilikozaliwa, machela ni ile ya kumpelekea mgonjwa hospitali kutoka mahali ambapo gari halifiki, wanaume wanne wakipokezana mabega. Lakini kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi na wa Amerika ya Kusini, nguo ya kuning'inia ilikuwa kitanda cha watu wazima na wazima wa afya. Christopher Columbus alikiona huko mwaka 1492, na Wahispania wakakichukua pamoja na jina lake, hamaca. Mabaharia wa Ulaya nao wakakipenda, kwa kuwa meli ikiyumba kitanda hicho huyumba nayo, na mtu haanguki.

Mimi nilikihitaji kwa ajili ya kaka yangu. Kila mwezi wa saba, kwa miaka mingi, yeye na mimi tumekuwa tukitembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, mwendo wa siku 4 au 5, tukilala pembeni mwa mashamba ya watu tunaofahamiana nao. Kwa kaka, safari isiyo na usiku wa nje si safari. Lakini mwaka alipotimiza miaka 70 aliniambia, "Mdogo wangu, miguu bado inataka, mgongo ndio umekataa." Ardhi ya huko wakati huo ina baridi na unyevu, na siafu hawaombi ruhusa ya kupita. Akasema hiyo ndiyo ya mwisho. Sikumjibu. Niliporudi nyumbani nilianza kutafuta kitambaa.

Kuishona machela si kazi ya kutisha. Nilinunua nailoni iliyofumwa vizuri, urefu mita 3 na upana mita 1 na nusu. Fundi cherehani alikunja pindo pande mbili fupi, akaacha njia ya kupitisha kamba kama afanyavyo kwenye pazia. Kamba ikivutwa, nguo hujikusanya kama mdomo wa mfuko, na hapo ndipo pa kufungia. Miti nayo ina haki yake. Kamba nyembamba huchubua gome, kwa hiyo mtini tunazungusha mkanda mpana, kama ule wa kufungia mizigo kwenye lori.

Watu wengi wakiiona machela hutaka kuikaza mpaka inyooke, wakidhani huko ndiko kulala vizuri. Mambo ni kinyume. Mkanda ukishuka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30, kila upande huvutwa kwa uzito sawa na wa mlalaji: mtu wa kilo 70 huvuta kilo 70 kwa kila mti. Ukiukaza hata pembe ibaki nyuzi 10, kila upande huvutwa kwa kilo 200 hivi. Kamba hukatikia pabovu, na aliyelala juu ndiye wa kwanza kujua pabovu palikuwa wapi.

Tena machela iliyokazwa humbana mtu mabega. Iache ilegee, kisha ulale mshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande wa pili. Nguo hujitandaza yenyewe, na mgongo hunyooka karibu kama kitandani. Juu, kutoka ncha hadi ncha, nilifunga kamba nyembamba ya mita 2 na nusu, ili ulegevu uwe ule ule kila usiku, miti iwe karibu au mbali. Chini ya magoti ya kaka niliongeza mto mdogo. Mgongo wake ukanyamaza.

Baridi ndiyo iliyotaka akili. Usiku wa kwanza wa majaribio, uani kwangu, kaka alijifunika mablanketi mawili na bado akalalamika kwamba kuna maji yanampita mgongoni. Hayakuwa maji, ilikuwa hewa. Mtu wa kitandani ana godoro chini yake. Mtu wa machela ana upepo. Na blanketi unalolilalia halikusaidii sana, kwa sababu joto ni la mwili wako mwenyewe, na kinacholizuia lisikutoroke ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za blanketi. Uzito wako ukizibana nyuzi hizo, hewa hutoka, nawe unabaki umelalia nguo tupu.

Dawa yake ni mfarishi unaowekwa nje, mvunguni mwa machela, ukining'inia pasipo kulaliwa. Sisi watu wa Tanga hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta cha kuujazia, maana mababu zetu walilalia magodoro ya sufi. Nyuzi za sufi zina uwazi ndani kama mrija, na zina nta kidogo inayofukuza maji. Ndiyo maana zamani zilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Kasoro yake ni kujikusanya mahali pamoja. Basi mke wangu aliushona mfarishi kwa miraba, kila mraba na sufi yake, bila kuishindilia.

Pembe zake nne tulizifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambavyo huvutika mtu anapopanda. Hapo kuna kipimo cha kuangaliwa sana. Mfarishi ukivutwa mno, mgongo huubana na kazi yake ikaisha. Ukilegea mno, upepo hupita katikati. Unatakiwa uguse tu. Ncha zake mbili zina uzi wa kukazia, ili pasiwe na mlango wa baridi. Juu ya yote ni turubai, na kwenye kila mkanda, chini ya turubai, unaning'inia uzi mfupi. Maji ya mvua yakitiririka kwenye mkanda hushuka kwa uzi huo yakadondoka chini, badala ya kuja kumwamsha mlalaji.

Nimeufikiri sana mfarishi huo. Baba yetu alifariki mwaka 1973, kaka akiwa karani kijana mjini Tanga, na kwa mshahara wake tulisoma sisi wadogo zake wanne. Watu walipotuona tumefanikiwa, walisifu blanketi la juu: vyeti, kazi, suti ya siku ya harusi. Ni wachache walioinama kutazama mvunguni. Mama alitazama. Mwezi nilipopokea mshahara wangu wa kwanza alituita sote, akasema kwamba tangu siku hiyo ada ya mdogo wetu wa mwisho itatoka kwangu, ili kaka naye apate kuoa. "Mtu mkimlalia wote," alisema, "hata kama ni wa sufi atabonyea." Hakuwa amesoma habari za hewa na nyuzi. Alijua tu kwamba anayekupasha joto kutoka chini ana kazi ya kutosha bila kubeba uzito wako wote. Kaka alioa mwaka uliofuata, na nadhani ni kwa sababu hiyo kwamba hadi leo anatupenda bila manung'uniko.

Mwezi wa saba uliofuata tulifika Mtae, pale milima inapokatika ghafla na tambarare za Mkomazi zikatandaza vumbi lake chini ya macho yako. Sasa kaka ana miaka 73, wala hajaitaja tena safari ya mwisho. Usiku, kabla sijapanda kwenye machela yangu, huinama na kupitisha mkono chini ya ile yake, nione kama mfarishi umegusa na haukubanwa. Yeye hujifanya amelala.