Brodrick wa Leeds

Leo tuache kidogo habari za bumu, nina stori ya msanifu majengo mmoja wa Uingereza, Cuthbert Brodrick. Nawaletea hasa nyie mnaosema bila kukaa mji mkuu hutoboi.

Jamaa kazaliwa Hull mwaka 1821, mji wa bandari. Kazi kajifunzia hapo hapo, akazunguka Ufaransa na Italia kuangalia majengo, akarudi zake Hull kufungua ofisi. Mwaka 1852 Leeds wakatangaza shindano la ramani ya ukumbi wa mji. Brodrick, miaka 30 hivi, jina hana, akashinda! Madiwani wakaingiwa na hofu: huyu kijana ataweza kweli? Sir Charles Barry, aliyechora Bunge la London, akawatoa wasiwasi.

Basi bwana, kazi yenyewe balaa. Mnara haukuwemo kwenye mpango wa awali, wakabishana weee mpaka ukajengwa. Mwaka 1857 mkandarasi akafilisika. Gharama zikavuka pauni 120,000, zaidi ya mara tatu ya walizokusudia. Ila Septemba 1858 Malkia Victoria akaja mwenyewe kufungua.

Mimi lakini ninayemkubali ni yule wa soko la nafaka, lililokamilika 1863 hapo hapo Leeds. Lina umbo la yai na kuba kubwa juu. Vioo vya paa kaviweka upande wa kaskazini, ili mwanga uwe tulivu na mnunuzi aione ngano ilivyo, jua lisimchanganye. Huyo ni mtu anayemfikiria mfanyabiashara, sio picha ya gazetini tu.

Mwaka 1866 akaalikwa kushindania National Gallery, London. Kazi akapewa E. M. Barry. Ndiyo, mtoto wa yule yule Barry! (Sisemi kitu, jazeni wenyewe.) Mwaka uliofuata ikafunguliwa hoteli yake kubwa kule Scarborough, Grand Hotel, halafu kufikia 1870 hivi akaacha yote akahamia Paris. Hajafika hata miaka 50! Akawa anachora picha na kulima bustani, mpaka akafa Jersey mwaka 1905.

Watu wanaita kushindwa. Mimi sioni hivyo, majengo si yapo Leeds mpaka leo? Ila miaka thelathini na kitu bila kuirudia fani... wadau wa usanifu, nyie mngeweza?