Andika Jina Kabla ya Kupanda Boti

Leo tunaandika juu ya ziwa. Sisi tunaokaa upande huu wa Rusizi I tunaliona kila tukishuka mpakani. Kivu inaishia pale, maji yanapita chini ya daraja yanakuwa mto, na ng'ambo ni Bukavu. Ukiliangalia asubuhi linaonekana limelala tu. Lakini kina chake kinapita mita 470, na wengi wetu tuliokimbia tunamjua mtu aliyeingia huko asirudi.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilitoka Minova, na ilibaki kidogo tu ifike. Watu wa bandarini waliona kwa macho yao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kwa nini? Vita vilikuwa vimekata barabara ya kwenda Goma, basi wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa wote wakahamia majini. Gavana wa Kivu Kusini alisema watu 278 walikuwa ndani na 78 wamekufa. Viongozi wengine walitoa hesabu ndogo zaidi.

Hapo ndipo tunataka tusimame kidogo. Mtu akifa, hesabu inapishana vipi? Kwenye boti nyingi za huku kwetu orodha haiandikwi, ama inaandikwa nusu. Anayeruka ndani dakika ya mwisho haandikwi. Mtoto wa mgongoni hahesabiwi. Boti ikizama, wao wanazama mara mbili: majini, na kwenye karatasi.

Na hiyo ni boti kubwa ya abiria. Je, boti ya wavuvi? Watu wakikimbia wanachanga pesa, wanakodi boti ya sambaza usiku. Boti ile imezoea kubeba nyavu na taa, siyo magodoro, mbuzi na watu ishirini.

Kambini tunasaidia kuandikisha wanaofika. Kuna mama mmoja, tukamuuliza, "Mama, baba wa watoto yuko wapi?" Akasema alipanda boti ya kukodi ya wavuvi na wenzake, na boti haikufika. Mwenye boti naye hakuonekana tena. Tukauliza, "Tuandike yuko hai ama amekufa?" Akanyamaza, halafu akasema, "Wanangu, andikeni mnachotaka. Mimi sijakaa matanga."

Jamani, hiyo ndiyo shida. Hakuna mwili, hakuna karatasi, hakuna jina mahali popote. Mama hawezi kuitwa mjane, na hawezi kusema ana bwana. Watoto wakiulizwa habari za baba kwenye faili, jibu hakuna.

Mwezi wa 4 mwaka 2019 boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, watu karibu 150 hawakuonekana. Rais Tshisekedi alifika huko, akaamuru kila abiria avae jaketi la kuokolea, lile tunaloita jile. Amri nzuri. Lakini mtu anayekimbia risasi hawezi kungoja jile, wala hawezi kuhesabu abiria. Anapanda kinachoondoka.

Jina, lakini, anaweza kuliacha. Ukipanda, mtumie ujumbe mtu mmoja aliye nchi kavu: jina lako na la watoto, umetokea bandari gani, saa ngapi, unaelekea wapi. Piga picha ya boti kama kuna mwanga. Kama huna simu, mwambie anayebaki, naye arudie majina kwa sauti. Ukiona jile, mvalishe mtoto kwanza.

Na ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika: mtu akisema "amepotea", msiishie hapo. Ulizeni alipanda wapi, siku gani, pamoja na nani. Wenzake wanaweza kuwa kambi nyingine. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, lakini hawawezi kumtafuta mtu asiye na jina.

Sisi tumenunua daftari moja. Kila Jumamosi baada ya mpira tunakaa nalo karibu na bomba la maji. Kama kuna mtu wako aliyepotelea Kivu ama mto Rusizi, hata kama ni zamani, njoo useme jina lake. Tutaliandika lote, la baba na la babu, na tutakusindikiza mpaka kwa wahusika. Mama yule ameshakuja. Jina la bwana wake liko mstari wa kwanza.